Visu vya Randa na Kitanda cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliletwa kwetu Ngokolo na magoti. Kwa hiari yake asingekuja. Kwao Ushirombo, na kwetu Wasukuma vilevile, mama hahamii kwa mume wa binti yake. Akija kusalimia hukaa siku mbili tatu akaaga. Lakini daktari alisema sindano za magoti zitachukua miezi, hospitali iko huku Shinyanga mjini, na tangu baba mkwe afariki ile nyumba ya Ushirombo ilikuwa na yeye na kuku wake tu. Mke wangu alimfuata, akamfungia mizigo, akamleta.

Heshima kati ya mkwe na mkwe ni kazi ya kutwa. Simpi mkono, siingii chumbani kwake, na nikitaka kutoka bandani kwangu kwenda bombani nakohoa kwanza ili ajitande kanga au ageukie ukuta. Tunaamkiana kwa mbali, mimi nimeinamisha kichwa. Yakizidi salamu, mke wangu ndiye mkalimani. "Mwambie baba wa wajukuu zangu chai iko tayari," atasema, nami nimesimama hatua nne kutoka hapo na nimesikia neno kwa neno. Basi nangoja mke wangu anigeukie aniambie chai iko tayari, ndipo nashangaa na kushukuru.

Mambo yaliharibika siku ileile aliyofika. Mke wangu alimwonyesha chumba cha wageni, akakisifu kitanda, na katika kukisifu akateleza ulimi: kwamba ni kizuri mno, hata baba watoto hulala hapo mchana kukiwa na joto. Ilikuwa kweli. Lakini mama mkwe halali mahali alipolala mkwe wake, na kauli hiyo haikuwa na kona ya kujificha. Mama alikitazama kitanda, akaomba godoro jingine liwekwe sakafuni.

Kila asubuhi ilibidi mke wangu amshike kwapani kumwinua, nami nilikuwa nasikia sauti ya yale maumivu nikiwa upande wa pili wa ukuta. Wiki ya pili akatangaza kwamba sindano iliyofuata ikishapigwa anarudi kwake, zilizobaki Mungu atazipiga. Mke wangu alinijia bandani analia. Alisema mama yake akirudi kule peke yake, siku akianguka tutaletewa habari na majirani. Nikamwambia mama yake haendi popote, nitamtengenezea kitanda ambacho hakijawahi kulaliwa na mtu. Nilisema kwa ukali kidogo, maana machozi yake huwa yananifanya mkali.

Cha dukani kingetosha, lakini mimi ni mwalimu mwenye banda la useremala nyuma ya nyumba, na mtu mwenye banda ana kiburi chake. Mninga nilikuwa nao, mbao safi kutoka Runzewe zilizokauka mwaka mzima. Nilikuwa pia na mashine ya kuranda ninayoipenda kuliko inavyostahili: meza mbili za chuma, na katikati yake gogo la chuma linalozunguka likiwa limebeba visu vitatu virefu. Unausukuma ubao juu yake, unatoka upande wa pili umenyooka.

Ubao wa kwanza ulitoka na manyoya. Nyuzi za mninga zilikuwa zimechomolewa badala ya kukatwa, na juu yake palikuwa na mistari myembamba iliyoinuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliusukuma tena kwa nguvu zaidi. Mashine ikalalamika, moshi ukanuka. Hapo ndipo sauti ikatoka jikoni, taratibu, ikimwelekea binti yake lakini kwa kiasi cha kunifikia.

"Mwambie mume wako mashine yake inatafuna. Haikati."

Nilikasirika. Nimeranda mbao miaka ishirini, sasa nafundishwa na mtu aliyeupa mgongo ubao wenyewe. Mke wangu akaja kunitafsiria, nikamwambia nimesikia. Akanikumbusha, kwa upole wa kuudhi, kwamba marehemu baba yake alikuwa mpasua mbao katika misitu ya Bukombe, na mama yake ameishi na misumeno tangu usichana. Msumeno butu huujua kabla mwenyewe hajaujua.

Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikafungua visu. Mama alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na hatia. Miezi michache nyuma jamaa yangu mmoja mchimbaji wa Geita aliniuzia matimba ya zamani, yale magogo wanayosimamishia kuta za shimo zisiporomoke. Mti wake ulikuwa mgumu na mzuri, bei ya kutupa. Nilifurahi sana, nikayapasua, nikayaranda. Sikujiuliza gogo lililokaa ardhini miaka yote hiyo, likisuguana na mwamba, limebeba nini katika nyufa zake. Punje za mawe ya dhahabu zilikuwa humo, na dhahabu yenyewe haikuwamo. Visu vyote vitatu vilikuwa na mapengo. Rahisi ghali, na mimi huwafundisha watoto methali hiyo darasani.

Nikaenda mjini kununua visu vipya. Mzee mwenye duka la vifaa, Mhindi ambaye baba yake naye aliuza misumari kwenye kaunta hiyohiyo, alivichukua visu vyangu, akavigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha. Akasema visu vipya anavyo na atafurahi kuniuzia, ila chuma chake ni chepesi, nitarudi kwake kabla ya masika. Hivi vyangu ni chuma cha zamani. Nivinoe. Aliniuzia msasa wa maji wa namna tatu, na nilipotoka nilikuwa nampenda mzee yule.

Kunoa visu vya randa hakutaki haraka, na mimi ni mtu wa haraka. Nilikata kipande cha mti, nikakichonga mfereji wa mshazari ili kila kisu kikae humo kwa ulalo uleule, nikabandika msasa juu ya kioo cha dirisha, nikamwagia maji. Ukikisugua kimoja mara hamsini, na wenzake mara hamsini. Kikibaki kimoja kizito kuliko vingine, gogo litatikisika likizunguka na ubao utatoka na mawimbi. Nilisugua hadi mapengo yakaisha, nikahamia msasa laini, kisha laini zaidi. Siku mbili zilinipita hivyo, baada ya vipindi vya shule. Siku ya pili nilijaribu kisu kwenye nywele za mkono, zikaondoka bila kuaga.

Kuvirudisha nako kuna adabu yake. Unaweka kipande cha mti kilichonyooka juu ya meza ya nyuma, unalizungusha gogo kwa mkono, kisu kinakigusa kipande kile na kukisogeza kidogo tu. Vyote vitatu vikisogeze sawasawa. Kimoja kilinisumbua mpaka nikakitukana, kisha nikakumbuka nani yuko jikoni, nikanyamaza.

Nilipowasha mashine na kuupitisha ubao, sauti ilikuwa nyingine kabisa, nyororo, na mninga ukatoka unang'aa. Nilisubiri maoni ya jikoni. Hayakuja. Baadaye mke wangu aliniambia mama aliacha kuchambua mchele akasikiliza, kisha akaendelea kuchambua.

Kitanda nilikiunga uani Jumamosi mchana, mke wangu akiwa sokoni. Nilikuwa nimempima mama kwa kumtuma mke wangu na kamba, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ili akikaa miguu ifike chini bila kujikunja. Nilikaza parafujo ya mwisho, nikapangusa vumbi, nikarudi nyuma kukitazama. Nilikuwa na furaha isiyo na akili. Na kama nilivyofanya kwa kila kitanda nilichowahi kutengeneza, nikakaa. Nikajirusha mara tatu upande wa kichwani, mara tatu upande wa miguuni, nikisikiliza kama kuna kiungo kinacholia. Hakikulia hata kimoja.

Ndipo nikajiona niko wapi.

Nilisimama upesi nikaangalia huku na huku. Uani hapakuwa na mtu. Mazoea yana taabu, walisema wazee, lakini hawakusema taabu yenyewe huja na parafujo ya mwisho. Mke wangu aliporudi nilimvuta pembeni nikamwambia. Alifunga mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka, nami sikuona cha kuchekesha. Alipopata pumzi aliniuliza nani ameniona. Nikasema hakuna. "Basi hukukaa," akasema.

Kitanda kikaingia ndani, mama akakilalia. Asubuhi alinyanyuka mwenyewe, nikamsikia akitembea hadi mlangoni bila kushikwa. Mke wangu akaniletea salamu: mama anasema wabeja, asante sana, magoti yamepoa. Jioni ikaja wabeja nyingine. Kila asante ilinichoma. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inaishia kwenye mgongo wa mwanamke mzima ambaye angelala popote ila hapo, kama angejua.

Siku ya tatu sikuvumilia. Nikijua fika kwamba akisikia huenda akafunga mizigo, nilikohoa, nikasogea hadi chini ya dirisha la chumba chake, nikainamisha kichwa na kusema na ukuta. Mke wangu alikuwa kazini, mkalimani hakuwepo.

"Mama, shikamoo. Kile kitanda nilikikalia. Nilijisahau."

"Marahaba, baba," alijibu. "Nilikuona. Nilikuwa hapa hapa dirishani."

Niliinamisha kichwa zaidi. Yeye akaendelea.

"Baba yao alipasua mbao maisha yake yote. Mninga, mkurungu, yote ilipakiwa ikaletwa huku mjini, mkalalia ninyi. Mimi nimezaa watoto saba kwenye kitanda cha fito. Nikaona mtu anajirusha pale, huku, kule, anatega sikio. Nikajiuliza anatafuta nini. Nikaona, kumbe anaangalia kama kitanibeba. Sasa mila ningeiambia nini, baba?"

Nilishukuru kwamba kulikuwa na ukuta kati yetu, kwa sababu nilikuwa nalia, na mkwe halii mbele ya mkwe. Nadhani alijua. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kama mninga umebaki wa kutosha kameza kadogo ka kuwekea dawa, maana sindano bado ni nyingi.

Nikamwambia umebaki.