Nilivyowasalimu "Wahindi" wa Minneapolis

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Kazi yangu hapa Minneapolis ni kuwaeleza watu haki zao kesi ya pamoja, ile ya watu wengi kwa mpigo, inapomalizwa kwa suluhu: wabaki ndani walipwe au wajitoe kabla muda haujaisha. Juzi mzee mmoja akanipigia simu: "Sisi Indian tunakusubiri ukumbini." Mimi mtoto wa Mwanza, niliyekulia jirani na duka la Mhindi, nikaona leo nimepata watu wangu. Nikavaa bangili mpaka kwenye kiwiko, nikaingia na salamu ya Kigujarati: "Kem cho!"

Mbele yangu walikaa wazee wa makabila asilia ya Marekani, ambao Wazungu wa kwanza waliwaita Indian wakidhani wamefika India. Bibi mmoja akaangua kicheko, ukumbi mzima ukamfuata, nami nikashusha pumzi.

"Keti utueleze, mwanangu," akasema. "Wewe si wa kwanza kuitafuta India ukatukuta sisi."