Pengo Kwenye Ua wa Michongoma

Mama mwenye nyumba wangu kule Nyamira alinipa chumba bila kuuliza nilikotoka wala kwa nini niliacha shule. Kwa hiyo aliponiomba nimchoree ramani ya shamba, sikuweza kukataa. Shemeji yake, waliyepakana naye, alidai ng'ombe wake wana njia ya zamani inayopenya ua na kukata chai ya mama hadi mtoni. Mume wa mama alikuwa mbali kikazi. Naibu wa chifu angekuja kusikiliza, na njia ikikubaliwa, chai ingekanyagwa.

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu. Nilijifundisha kuiandikia programu za kuchora kutoka kitabu kilichochanika, nilichokipata soko la Daraja Mbili katikati ya mitumba. Nilipenda hasa mistari yenye nakshi. Unatengeneza kijipicha cha nukta nane kwa nane, unaiambia kompyuta ikitumie kama wino, na mstari mnene unatokea umejaa nakshi hiyo. Mto niliupa mawimbi. Ua wa michongoma niliupa vijiti vilivyosongamana.

Sikujua kwamba kompyuta ile haitandazi nakshi kwa kufuata mstari. Inaitandaza kioo kizima kama vigae vya sakafu, na mstari unafunua tu vigae vilivyo chini yake. Mstari wima hauna shida. Lakini mashamba ya kule yanateremka kilima yakiwa yameinama, na kwenye mstari ulioinama nakshi hukatika na kuacha pengo.

Shemeji ndiye aliyeliona. Siku naibu alipokuja, walikuwa wakizungumza Ekegusii, lugha yao, sebuleni mbele ya kompyuta. Ghafla akahamia Kiswahili, nikajua maneno ni yangu.

"Kijana, hapa umeacha nini?"

Pengo la ua lilikuwa penye chai kabisa. Nikasema ni kosa la mchoro, nikanyoosha mkono nilirekebishe.

"Wacha hivyo. Unaziba njia yangu kwa kidole mbele ya serikali?"

Naibu akanitazama. Mwenye nyumba wangu hakunitazama kabisa. Nikaanza kuishuku nakshi, nikaomba ruhusa nisizibe chochote, nisogeze tu shamba zima kidogo kulia. Naibu akaitikia kwa kichwa. Nikabadilisha tarakimu, nikachora upya. Ua ulikuwa uleule, lakini pengo lilikuwa limehama, likapanda hadi karibu na choo.

"Shemeji," mwenye nyumba akasema polepole, "njia yako imepanda mlima. Ng'ombe wako sasa wanakunywa maji chooni?"

Naibu aliuma mdomo asicheke. Kisha uso ukamkauka. Akasema mchoro unaohamahama hauwezi kumtetea mtu yeyote, si shemeji wala mama, akainuka kwenda kuuona ua wenyewe.

Tuliteremka kwenye utelezi. Naibu alitembea ameushika ua, akitafuta mahali mkono wake ungepenya, na kila mara miiba ilimkataa. Karibu na chai shemeji akasimama.

"Hapa. Walipanda juzi wakaziba."

Naibu akainama, akatenga majani. Shina lilikuwa nene kama paja la mtu.

"Huu ni wa juzi, mzee?"

Shemeji aliyarudisha majani mahali pake. Akasema ng'ombe wake watazungukia barabarani.

Tulipokuwa tukipanda kurudi, mwenye nyumba wangu aliniambia nichore tena, aweke nakala.

"Na uchore mstari mtupu," akasema. "Mtupu kabisa. Umesikia?"