Walinifungia changing room kazini kwa sababu mimi ni gay. Huyu mama alinitoa

Wakuu, habari zenu. Miaka yote nimekuwa hapa nasoma tu story za wengine, hata kucomment ni nadra. Leo nina yangu. Majina nimebadilisha na kampuni sitaitaja, lakini yaliyotendeka ni haya haya, chumvi sijaongeza.

Nijitambulishe kwanza ndio tusisumbuane huko chini. Mimi ni mwanaume, mtu wa Mikinduri, nafanya kazi kwa kiwanda cha macadamia hapa Meru. Niko quality. Naangalia kama njugu zimekauka vizuri na hazina ukungu kabla zipakiwe.

Na mimi ni gay. Nyumbani hawajui. Kazini pia hakuna aliyejua, mpaka mwaka jana.

Ilianza hivi. Mpenzi wangu anaishi Embu. Jumamosi moja tulikuwa huko tunakula lunch, akanishika mkono juu ya meza, kidogo tu. Kumbe Murithi, dereva wa forklift pale kwetu, alikuwa ameketi nyuma. Hakutusalimia. Alipiga picha.

Jumatatu picha ilikuwa kwa group ya wafanyakazi: "Karibuni harusi, bibi arusi ni yule wa quality."

Wakuu, sijui kama umewahi kuingia canteen meza nzima ikanyamaza. Nikiketi, watu wanainuka na githeri yao. Kikombe nimetumia hakuna mtu anakigusa. Siku moja overall yangu niliipata ndani ya pipa la maganda, imelowa.

Nikaenda kwa supervisor. Hata macho hakutoa kwa simu.

"Na wewe pia jipunguze," akasema. "Hayo mambo yako yenyewe ni kesi. Ama unataka polisi waje wakuulize?"

Nikaachana nayo. Sheria yetu mnaijua, na mamangu ni mwimbaji wa kwaya kijijini. Nikaanza kutafuta kazi kwingine. Hata kubeba magunia ya viazi soko la Gakoromone ningebeba, bora niondoke pale.

Sasa ile siku yenyewe.

Shift ilikuwa imeisha mchana, nikaingia changing room kubadilisha nguo. Murithi akaingia nyuma yangu na wanaume wawili wa loading. Mmoja akasukuma komeo.

"Leo tunataka kujua," Murithi akasema. "Vua tuone kama wewe ni mwanaume." Simu ilikuwa mkononi, tayari inarekodi.

Nilijaribu kupita, wakanisukuma ukutani. Mmoja alikuwa ameshika kola yangu, anavuta vifungo.

Mlango ukagongwa.

Nje alikuwa Mama Karimi. Huyu ndiye kiongozi wa wamama wa meza ya kuchagua njugu. Ni mzee wa kanisa, mpole, lakini sauti yake inaweza kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"Murithi, nimekusikia. Fungua hii kitu ama nivunje."

Akafungua, anacheka, ati ni utani tu wa vijana. Mama akaingia ndani ya changing room ya wanaume bila kuomba ruhusa. Akaniangalia na vifungo vyangu. Akaangalia ile simu.

"Mnataka kuona mtu akivua? Basi nitavua mimi. Mimi, rika ya mama zenu. Murithi, shika simu vizuri."

Akatoa kofia ya kazi, akatupa chini. Akaanza kufungua apron.

Watu wa huku mnaelewa. Mama mzima akikuvulia nguo kwa hasira, hiyo ni laana, itakufuata wewe na watoto wako. Wale wanaume walitoka mbio wakigongana mlangoni. Mmoja aliacha kiatu.

Mimi nikaketi kwa bench nikalia kama mtoto. Mama akafunga apron yake polepole.

"Pangusa uso. Twende kwa HR."

"Mama, wataniuliza kama ni ukweli."

"Wakiuliza, wataniuliza mimi nikiwa hapo."

HR wetu ni Madam Wanja. Alikuwa mgeni kidogo pale, hata sikuwahi kuongea naye. Nilieleza kutoka mwanzo. Nilipofika kwa ile picha nikaanza kujitetea, ati yule ni rafiki tu, tulikuwa tu lunch. Akainua mkono.

"Sijakuuliza unakula na nani. Nauliza nani alifunga mlango, na nani alishika simu."

Wakuu, hilo swali lilinirudishia pumzi.

Wale watatu walisimamishwa kazi, wakaitwa kujieleza. Mama Karimi alisimama mbele ya manager akatoa ushahidi wote, ingawa wamama wenzake wa kanisa walikuwa washaanza kumuuliza mbona anatetea dhambi. Murithi alifutwa. Wale wawili walipewa onyo na kuhamishwa shift. Supervisor aliniomba msamaha mbele ya HR, shingo upande lakini aliomba.

Sisemi kampuni imekuwa mbinguni. Memo iliyobandikwa ilisema tu "heshima kwa kila mfanyakazi", hawakuthubutu kusema heshima ya nani. Wengine mpaka leo hawanisalimii. Lakini hakuna anayenigusa, na chakula changu nakula mpaka nimalize.

Baadaye Mama Karimi aliniita kwake Jumapili, akanipakulia mukimo mlima mzima. Nikajikaza nikamuuliza, "Mama, kwa ukweli, unaonaje mtu kama mimi?"

Akaweka mwiko chini.

"Mimi na Mungu bado tunaongea juu yako, kijana yangu, hatujamaliza. Lakini hakuna mahali aliniambia nikuache na wale. Kula."

Nilichojifunza: ukionewa kazini, sema ulichotendewa. Usianze kujitetea vile ulivyo. Na usiende peke yako kama kuna hata mtu mmoja wa kukusindikiza. Na wewe ambaye hukubaliani na maisha yangu, sawa, usikubali. Bado unaweza kuwa yule mtu mmoja.

Matusi najua yatakuja, nimeshasikia mabaya zaidi. Ila kama kuna mtu alikusimamia kazini wakati wengine wote waligeuza uso, tuandikie hapa alifanya nini. Hao ndio nataka kuwasoma leo.