Walinikataza Kumlilia Mume Wangu, Sasa Wanataka Nimnyamazishe Mwenzangu

Wenye ukurasa, ficheni jina langu maana huku Kitale tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, nauza mitumba mtaa wa Tuwan, na nimeokoka. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho sijui nikipeleke wapi.

Mume wangu alikufa kwa malaria miaka mitatu iliyopita, mwaka wa tisini na moja, tukampeleka kwao Bungoma kumzika. Kwetu mfiwa hulia kwa sauti, na wageni huanza kulia wakiwa bado barabarani. Lakini ushirika wetu wa kanisani ulifundisha kwamba aliyeokoka halii, anaimba. Mke wa mchungaji aliketi ubavuni mwangu tangu asubuhi. Kila nilipofungua mdomo aliuziba kwa leso yake iliyolowa jasho, huku akiwatabasamia watu. "Dada, usiaibishe Yesu," alininong'oneza. "Imba."

Niliimba. Mama yangu alifika kutoka kwetu Kapsokwony akimlilia mkwewe, akina mama wa ushirika wakamzuia langoni. "Hii ni boma ya watu wameokoka. Nyamaza ama urudi." Mama alikaa nje, kwenye nyasi, mpaka tukamaliza kuzika. Kinyaa changu kwao kilianzia hapo.

Aliyenituliza ni Mungu mwenyewe, si wao. Baadaye nilikuwa shambani Kiminini nikipalilia mahindi peke yangu, nikatupa jembe nikalia kwa sauti, nikimuuliza kwa nini. Hakunikemea. Tangu hapo huomba hivyo hivyo, kwa machozi, na ndivyo nimeweza kuishi. Lakini kanisani sikusema. Kila matanga wananisimamisha: "Muoneni huyu dada, hata chozi moja hakutoa." Nami nasimama, najichukia.

Juzi kijana wa mwisho wa yule mke wa mchungaji amefariki kwa ajali. Mama wa watu anagaagaa sakafuni, sauti imekauka, kuimba hataki. Jana mzee wa kanisa alikuja kibandani kwangu.

"Dada, si unaona vile watu wanaongea? Ati mama mchungaji amepoteza imani. Kuja umnyamazishe. Wewe utaweza, si yeye ndiye alikufundisha?"

Nilimwambia nitaomba kwanza. Ukweli ni kwamba niliposikia analia hivyo, nilifurahi. Mimi ninayejiita mtoto wa Mungu nilifurahi mwanamke kufiwa na mwanawe, na kile kinyaa nilichokuwa nacho kwao kikanigeukia mwenyewe.

Mazishi ni Jumamosi. Nikimnyamazisha, nitakuwa nimemtenda alivyonitenda. Nikiketi chini nilie naye mbele ya kanisa lote, watanitenga, na hapa mjini sina jamaa ila hao. Tangu jana nimepiga magoti mara nyingi, na kila nikifika kwenye jina lake ulimi unakataa. Ndugu wasomaji, nishaurini: nitaingiaje nyumbani kwa mfiwa ambaye hata kumwombea siwezi?