Mahari ya Jiwe la Angani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya hayakumpata binamu wa jirani. Yamenipata mimi, hapa hapa Kampala, na picha ninazo.

Mimi ni Mkenya, nauza vipuri vya pikipiki. Jioni nilikuwa naenda Bugolobi kwa Apio, binti wa mwanajeshi wa kaskazini, kutafuta asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua. Darubini hatukuwa nayo. Tulipokea kwa mtandao picha nne za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache. Unazipitisha upesi upesi: nyota zinatulia, na kitone kinachohama ndicho jiwe. Ukipata jipya unaripoti mahali lilipo, na wenye darubini kubwa wakiliona pia, linahesabiwa kuwa lako.

Nilikodoa macho hadi yakauma, sikupata kitu. Aliyepata ni nani? Apio, ambaye kazi hiyo nilimfundisha mimi! Alinikumbatia, akanitumia namba za mahali lilipo nizihakiki kabla hajaripoti. Nilitabasamu, lakini rohoni wivu uliniwaka. Na nilikuwa na haki, au sivyo?

Nikatoka giza likiingia, mvua ikanikuta njiani. Nikajikinga kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, nikizikodolea macho zile namba kwenye simu. Mama mmoja aliyevaa gomesi, lile vazi refu la Kiganda, akaja kusimama kando yangu. Niamini, alitoka mvuani na gomesi yake ilikuwa kavu.

"Unaona nini kwa simu, ssebo?"

"Jiwe la angani, mama. Jipya."

"Ya nani?"

Wewe ungejibuje? Nikasema, "Yangu."

"Yako wewe?"

"Yangu kabisa."

"Basi toa mahari yake."

Sasa, kama unaijua Kampala utanielewa. Hapa r na l hubadilishana viti kutwa. Mtu akisema "lipoti" unajua ni ripoti. Nikajua anataka mahali. Nikamsomea namba zote kwa majivuno.

Alisikiliza kwa heshima, mikono tumboni. "Tumepokea," akasema. "Enda naye salama."

Naye! Nilipoinua macho nilikuwa peke yangu kibarazani.

Nilimwambia Apio namba ziko sawa, akaripoti usiku huo huo. Wenye darubini wakatafuta pale pale, wakasema hakuna kitu. Alilia sana. Mimi, nisikufiche, nilikula vizuri siku hiyo.

Jumapili iliyofuata tukapiga picha kwake, mfululizo. Apio, kwa mazoea yake, akazipitisha upesi upesi. Kisha akazirudia polepole. Begani kwangu kulikuwa na kitone cheupe. Picha ya pili kimesogea, ya tatu kimesogea tena, na ya nne kimemkalia yeye usoni, sura yote imefutika.

"Ni ile yangu," alisema. "Inafanya nini kwako?"

Hakunialika tena.

Nikipiga picha peke yangu, kitone kimetulia begani. Akisimama nami mwanamke, hata dada yangu wa tumbo moja, uso wake haubaki. Mchumba niliyempata Kibuli aliziona picha zetu, akafunga mizigo. Mimi nilijiona mwenye wivu, kumbe sijui wivu. Huyu wangu ndiye mwenye wivu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza mahari, usimsahihishe kichwani, mwambie arudie. Na tukikutana mjini, nisalimie tu, dada yangu. Usiombe tupige picha.