Mchumba wangu aliigiza mwehu kwenye sinema, mama yangu akaketi mstari wa mbele

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, Bujumbura, miaka michache baada ya uhuru. Siongezi chumvi. Mwenye haraka apite, sisi wazee tunaandika polepole.

Nilikuwa na mchumba, Spes.

Kwetu, kabla ya ng'ombe wa mahari kutoka, ukoo wa binti huchunguzwa. Kuna mchawi? Kuna mwehu? Kazi hiyo aliishika mama yangu, na neno lake ndilo lingeamua.

Wakati huohuo rafiki yangu Placide, Mkongomani wa Uvira mwenye studio ya picha mtaa wa Rohero, akaingiwa na wazo la kutengeneza sinema. Hakuwa na kampuni wala mfadhili. Alikuwa na kamera ya mkono na stori moja: mwanamke aliyefiwa na mtoto, anayezunguka mjini mchana kweupe na taa ya mafuta mkononi, akidhani ni usiku.

Alimtaka Spes.

"Apana," Spes alisema. "Mutu akiniona vile, ndoa imekufa."

"Hakuna mutu atakujua, dada. Utaona."

Placide alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Filamu ikisafishwa hutoka kinyume, cheupe kinakuwa cheusi, cheusi cheupe. Mpiga picha huigeuza tena ndipo aionyeshe. Placide aliamua kuiacha hivyohivyo.

Spes akacheka, akakubali.

Onyesho likafanyika Jumapili mchana, kwenye ghala nyuma ya studio. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka likatundikwa ukutani.

Nikaingia, nikamwona mama yangu mbele kabisa, mkoba magotini. Placide alikuwa amemwalika kwa heshima tu, hakujua ya uchunguzi. Spes alisimama nami karibu na mlango. Alinishika mkono.

Projekta ikaanza kunguruma.

Wakuu, sijui niseme vipi. Anga la saa sita mchana lilikuwa jeusi tititi. Michikichi iling'aa kama imemwagiwa unga. Watu wa Rohero walipita taratibu, nyuso nyeupe, mboni nyeupe.

"Tumekuwa wazungu wote!" mmoja akapiga kelele.

"Wewe mzungu wa wapi na pua hiyo?"

Watu wakaangua kicheko.

Kisha Spes akatokea, na kicheko kikaisha chenyewe. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama za bibi kizee. Aliinua taa, na mwali wa taa ulikuwa mweusi. Alitembea bila sauti, kama mtu anayetembea chini ya ziwa, akiwasogezea wapita njia taa yake wamsaidie kutafuta.

Nilisahau nimesimama wapi.

"Huyo ni Spes," mama yangu akasema, kwa sauti ya kawaida tu. "Bega la kushoto linatangulia. Namujua."

Spes akauachia mkono wangu.

Rili ya filamu ilipokwisha, mablanketi yakateremshwa, mwanga ukatupiga machoni. Mama alibaki ameketi. Akamwita Placide.

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Mi pia niliwasha taa saa sita mchana. Mutoto wangu wa kwanza alipokufa. Baba ya huyu anazima, mi nawasha. Anazima, mi nawasha. Kulikuwa giza vile vile."

Nilikuwa mtu mzima, na sikuwahi kusikia kwamba kabla yangu kulikuwa na mtoto.

Akasimama, akamfuata Spes mlangoni, akamshika mkono. "Twende, binti yangu. Wambie wazazi wako tunakuja. Na waulize vizuri juu ya ukoo wetu, wasituogope."

Wakatangulia juani wawili hao, mimi nyuma yao.

Rili ile sijui iliishia wapi. Nilichojifunza ni kidogo: tulikuwa tunatafuta mwehu kwa watu, kumbe nyumbani kwetu chakula kilipikwa na nguo zilifuliwa na mtu aliyepita hukohuko, na hakuna aliyemuuliza.

Spes anasoma nyuma ya bega langu. Anasema nimesahau kutaja kwamba mafuta ya taa yaliharibu kitenge chake kizuri, na Placide hakukilipia.

Haya, nanyi semeni. Nyumbani kwenu ni nani hajaulizwa?