Ndevu Zangu Zilizobaki Kangemi

Nyinyi wa nyumbani mmeniuliza mara nyingi ndevu zangu zilikwenda wapi, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha. Leo nitaisimulia safari yote tangu mwanzo. Aliyezinyoa anastahili sifa, na mimi nastahili kuchekwa kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, likizo ya Agosti. Tulipata barua kwamba mdogo wangu Zakayo, kinyozi wa soko la Kangemi huko Nairobi, ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa amekaa huko miezi mitano. Habari za ugonjwa wake zilikuwa zimetufikia zikiwa zimeota mikia: mara amemkata mteja sikio, mara amekimbia uchi. Mama alinikalisha jikoni akaniambia, "Nenda umlete. Akae hapa ninapomwona."

Tulikwisha kumwandalia kibanda nyuma ya jiko. Mimi mwenyewe, mwalimu wa watoto wa watu, nilipigilia komeo kwenye mlango wake, upande wa nje. Mama alikuwa pia ametenga kikombe cha bati cha kunywea yeye peke yake. Tulidhani huo ndio upendo.

Jumatano jioni nilipanda gari la moshi Kisumu nikiwa na viazi vitamu, kuku wa kuchemsha, na nauli ya kurudi watu wawili. Ndevu zangu nilikuwa nimezichana vizuri. Nilizipenda ndevu zile, sifichi. Ndizo zilizonifanya nionekane mwalimu mkuu hata kabla sijapandishwa cheo.

Alhamisi asubuhi, stesheni ya Nairobi, Zakayo alikuwa akinisubiri pamoja na mwanamume mmoja mnene mwenye kofia. "Mulembe," Zakayo alinisalimu kwa lugha ya kwetu. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalitulia. Nilimpa mkono kwa haraka, kisha nikajionea aibu kwa haraka yangu.

"Mimi Shem," alisema yule mnene. "Ni mpishi huko Loresho. Lakini usiogope, mwalimu, na mimi nilikuwa hospitali ile ile. Miaka miwili sasa nimetoka, na bado wanakula chakula yangu."

Sikujua nicheke au nisicheke. Tulitembea hadi ofisi moja ya katikati ya mji, mahali pa kuombea laiseni za kazi. Karani aliisoma barua ya daktari, akamtazama Zakayo kama anayetazama mbwa asiyemjua.

"Laiseni iko tayari," alisema. "Lakini mahali pa kazi ni huko sokoni. Kamati ya soko imekataa huyu mtu. Wamesema ana wembe."

"Kinyozi asiye na wembe ni kinyozi gani?" Shem aliuliza. "Hebu tuambie, bwana karani, kuna mtu alikatwa? Jina lake nani?"

Karani alipekua makaratasi yake. Hapakuwa na jina. Zakayo akaeleza mwenyewe, polepole, kwamba siku aliyougua alikuwa hajalala kwa juma zima. Alimwacha mteja kitini akiwa amenyolewa upande mmoja, akaondoka kwa miguu kuelekea Kinoo bila kujua anakwenda wapi. Basi, hilo tu. Hakuna aliyeumia ila yule mteja kuchekwa. Tulitoka na laiseni mkononi, na ahadi kwamba kamati itamwangalia akifanya kazi Jumamosi. Kama isingeridhika, kiti chake angepewa mtu mwingine.

Ijumaa alasiri tulikwenda Kinoo kwa miguu, tukiiacha Kangemi nyuma na vyumba vyake vilivyobanana. Njiani Shem alinyoosha kidole upande wa Loresho, kwenye ua mrefu wa michongoma, akasema huko ndiko anakokaanga mayai ya watu wakubwa. Kinoo tulipokewa na Mama Wanjiru, mkulima wa kabichi na mwenye vibanda kadhaa vya kukodisha. Nyumbani kwake walikusanyika watu tisa, wote waliowahi kuugua kama Zakayo.

Nilitarajia maombi marefu na machozi. Kumbe kikundi kile kilikuwa na utaratibu wa ajabu kwa wepesi wake. Kila anayetoka hospitali hupewa mwenzake aliyewahi kuugua, naye humtembelea kila siku kwa maswali mawili tu: umekula, umelala? Wakikutana, uji hunywewa kwa kikombe kimoja kinachozunguka, kwa sababu kila mmoja wao alipotoka alitengewa kikombe chake nyumbani.

Nilikumbuka kile cha bati cha Mama, nikainamisha uso.

"Mimi niliugua nikijifungua mtoto wa tatu," Mama Wanjiru aliniambia, akinipa kikombe. "Watu walisema nimerogwa. Mume wangu akaficha mtoto. Hakuna mtu aliniuliza kama nimelala. Wewe mwalimu, umekuja kuchukua huyu?"

"Mama yetu anamtaka nyumbani," nilijibu.

"Atafanya nini huko?"

Sikulitaja komeo. Nilikunywa uji, nikapokeza kikombe.

Sasa nifike kwenye upuuzi wangu. Jumamosi alfajiri, Zakayo alipotoka kwenda kuchota maji bombani, nilibaki peke yangu chumbani kwake Kangemi. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cheupe alichofungia nyembe zake mbili, amezinoa tayari. Nilikuwa nimeyasikia yote ya Kinoo na kuyaamini. Hata hivyo niliwaza ule umati wa sokoni, na mkono wa Zakayo ukitetemeka. Nilizitoa nyembe, nikazitia katika mkoba wangu wa kazi. Mahali pake nikafunga vijiko viwili, ili uzito usipungue. Nilijiambia kwamba akikosa nyembe kazi itaahirishwa kimya kimya, nami nimchukue nyumbani salama.

Saa tatu asubuhi soko lilikuwa limejaa. Kamati ilikuja watu wanne, mwenyekiti mbele akiwa na fimbo. Wauza mboga za sukuma waliacha mafungu yao wakaja kutazama. Kikundi cha Kinoo kilipanga foleni mbele ya kiti cha Zakayo, Shem akiwa wa kwanza, kofia mkononi. Huo ndio uliokuwa mpango wao: watu tisa wanyolewe mmoja baada ya mwingine, hata Mama Wanjiru upara, mbele ya macho ya kila mtu.

Zakayo alimfunga Shem shuka shingoni. Akakoroga sabuni. Akafungua kitambaa.

"Vijiko!" mtu akapiga kelele. "Huyu anataka kula kichwa!"

Soko zima liliangua kicheko. Mwenyekiti alitikisa kichwa, akasema, "Si nilisema? Huyu bado." Zakayo hakuwatazama. Alikuwa akivigeuzageuza vile vijiko, na midomo ilikuwa imemkauka. Alimgeukia Mama Wanjiru akamuuliza kwa sauti ndogo, lakini mimi niliisikia, "Mama, nimeanza tena?"

Katika maisha yangu sijawahi kuumia kama nilivyoumia wakati ule. Ndugu yangu alikuwa karibu kuishuku akili yake mwenyewe kwa kosa langu mimi niliye mzima.

"Hujaanza chochote!" nilisema, nikasukuma watu hadi mbele. "Nyembe ninazo mimi. Nimeziiba asubuhi nikaweka vijiko. Mimi ni kaka yake, ni mwalimu, na niliogopa."

Kicheko kilikatika. Nilizitoa mkobani mbele ya kamati, mikono ikinitetemeka. Yangu, si yake.

Mama Wanjiru alinitazama kuanzia viatu hadi ndevu. "Shem, ondoka hapo kwa kiti," alisema. "Mwalimu ndiye anaanza."

Nilikaa. Zakayo alizikagua nyembe kwenye mwanga, moja akaifuta, akanipaka sabuni. Wembe uliponigusa chini ya taya nilifumba macho.

"Umelala?" aliniuliza.

"Sikulala."

"Naona. Basi usitingishike."

Mkono wake ulikuwa mwepesi na thabiti. Aliniondoa ndevu, akasafisha shavu, akazunguka masikio, akanipaka spiriti iliyonichoma hadi machozi, au labda yalikuwa machozi kwanza na spiriti baadaye. Alinipa kioo. Nilimwona mtu niliyemsahau, kijana niliyekuwa kabla ya ukubwa kunipanda kichwani.

Mwenyekiti wa soko alinizunguka, akanipapasa shavu kwa kidole kama anayepima kitambaa. Kisha akaiegemeza fimbo yake ukutani, akajipanga kwenye foleni nyuma ya Shem. Hadi saa nane Zakayo alikuwa amenyoa watu kumi na wanne, na wengine walikuwa hawajulikani kabisa na kikundi. Mama Wanjiru alibaki na upara unaong'aa, akiuza kabichi zake na kumkaripia kila aliyemtazama sana. Nilikaa kwenye kreti la soda nikimwangalia mdogo wangu akifanya kazi, na nilijivuna waziwazi. Nilimwambia kila aliyepita kwamba yule ni ndugu yangu, hata wasioniuliza.

Jumapili jioni Zakayo alinisindikiza stesheni. Nauli ya mtu wa pili ilikuwa bado mfukoni mwangu, nikamwachia anunue kioo kikubwa zaidi. Aliniambia, "Usirudie, Mwalimu." Nikamwahidi.

Jumatatu nilifika nyumbani peke yangu. Mama alitoka jikoni, akachungulia nyuma yangu, asimwone mtu. Uso ukamwanguka. Kisha akaniona mimi, akashika mdomo. Alikuja akaupitisha mkono wake mkavu kwenye shavu langu, upande huu na upande ule, akitafuta mkwaruzo.

"Nani amekunyoa vizuri hivi?"

"Zakayo," nilisema. "Yuko kazini."

Mama aliliachia shavu langu. Aliingia ndani, akatoka na kile kikombe cha bati, akanimiminia chai, nilipomaliza akajimiminia yake mumo humo. Alikunywa akikitazama kibanda nyuma ya jiko.

"Kile," alisema, "tutie kuku."

Na kweli, komeo la nje liliwafaa sana kuku.